Tamko Kuhusu Kozi za Haraka na Masomo ya Kawaida ya Udereva: Hesabuni Dakika za Usukani, Si Siku za Kozi



Sisi walimu wa udereva, wanachama wa chama hiki tunaofundisha Dar es Salaam na Pwani, tumekutana, tumejadiliana na kukubaliana kutoa tamko hili. Kilichotukutanisha ni swali ambalo kila mmoja wetu huulizwa ofisini, kwenye simu na hata msibani: "Mwalimu, nichukue ile kozi ya wiki mbili, au nisome taratibu kwa miezi miwili?"

Tunakiri kwamba swali hilo tumezoea kulijibu kwa kuutazama mfuko wetu kabla ya kumtazama anayeuliza. Mwenye gari lililokaa bure humshauri mteja achukue kozi ya haraka, alipe yote kwa mkupuo. Mwenye wanafunzi wengi na gari moja humwambia asome taratibu. Mteja huondoka na jibu, asijue kwamba limetokana na ratiba ya gari letu. Leo tunalijibu kwa pamoja, hadharani, na jibu hili litufunge sisi wenyewe.

1. Hali ilivyo

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka kila anayeendesha chombo cha moto barabarani awe na leseni ya daraja linalohusika. Anayejifunza huanza na leseni ya kujifunzia, hufundishwa katika gari lenye alama ya "L", hujaribiwa na askari wa usalama barabarani, kisha Mamlaka ya Mapato (TRA) humtolea leseni. Katikati ya hatua hizo pana chuo cha udereva, na hapo ndipo biashara ilipoingia.

Kozi ya haraka hutangazwa kwa siku: siku 7, siku 10, wiki 2. Masomo ya kawaida hutangazwa kwa miezi. Matangazo yote mawili hunyamazia jambo ambalo ndilo bidhaa yenyewe: mwanafunzi atashika usukani kwa dakika ngapi?

Tuwaoneshe inavyokuwa. Saa 1 asubuhi gari dogo linatoka uwanjani. Mbele kulia amekaa mwanafunzi, kushoto kwake mwalimu, mguu ukiwa juu ya breki ya pili. Nyuma wamebanana wanafunzi watatu wanaosubiri zamu. Saa 2 gari linarudi. Kila mmoja ameendesha robo saa, na dakika 45 nyingine ametazama kisogo cha mwenzake. Kwenye daftari la mahudhurio wote wanne wameandikiwa "saa 1".

Fanyeni hesabu. Kwa mtindo huo, kozi ya siku 10 humpa mwanafunzi dakika 150, yaani saa 2 na nusu za usukani. Kwa muda huo hata cherehani mtu hajaizoea. Mwingine akichagua masomo ya kawaida ya siku mbili kwa wiki, naye akawekwa kwenye gari la watu wanne kwa wiki 8, atapata dakika 240. Huyo amesoma karibu miezi miwili, na kwenye usukani amekaa saa 4 tu. Mmoja atajisifu kwa wepesi, mwingine kwa subira, na wote wawili bado hawajafundishwa.

Ndiyo maana tunaanza kwa kusema wazi: anayelinganisha kozi mbili kwa idadi ya siku hajalinganisha kitu.

2. Tunachokijua kuhusu kujifunza kwa mfululizo

Tuchukue sasa kozi mbili zilizo sawa kwa dakika. Mwanafunzi wa kwanza anaendesha saa 4 kila siku kwa siku 5. Wa pili anaendesha saa 1 kwa siku, siku 4 kwa wiki, kwa wiki 5. Wote wamepata saa 20. Je, wametoka sawa?

Uzoefu wetu unasema hapana, na utafiti unatuunga mkono. Mwaka 1978 watafiti Alan Baddeley na D. J. A. Longman walichapisha matokeo ya mafunzo waliyowapa wafanyakazi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakijifunza kupiga chapa. Kundi moja lilijifunza saa 1 kwa siku. Jingine lilijifunza saa 4 kwa siku, kwa vipindi viwili vya saa 2. Kundi la saa 4 lilimaliza kwa siku chache zaidi, lakini lilitumia saa nyingi zaidi kufika kiwango kilekile. Kila saa ya kundi la saa 1 ilizaa zaidi.

Jambo la kushangaza lilikuja walipoulizwa kama wameridhika. Waliojifunza vizuri zaidi, wale wa saa 1 kwa siku, ndio walioridhika kidogo zaidi na ratiba yao. Waliona wanachelewa. Kwetu sisi hilo ni jambo zito, kwa sababu mteja huchagua kozi kwa hisia zake, na hapa hisia zilielekeza upande mmoja na ustadi ukaenda upande mwingine.

Kupiga chapa si kuendesha gari, tunalijua hilo. Lakini mguu wa klachi, kama vidole vya mpiga chapa, haufundishwi kwa maelezo. Mwalimu yeyote kati yetu anaifahamu siku ya 4 ya kozi ya haraka. Saa ya kwanza mwanafunzi anaondoa gari vizuri. Saa ya pili tunampeleka kwenye mwinuko, asimame, avute hendibreki, kisha aondoke bila gari kurudi nyuma. Anazima. Anawasha, anazima tena. Mguu wa kushoto unaanza kutetemeka juu ya klachi, jasho linamtoka, na kila tunachomwambia hakiingii. Tukimlazimisha saa ya tatu, anaharibu hata alichokijua asubuhi. Tukimwambia akapumzike, kesho yake asubuhi, bila somo jipya, gari linapanda mwinuko uleule kama si yeye aliyeshindwa jana. Kilichomfundisha ni usiku uliopita katikati. Usingizi nao ni sehemu ya somo, na kozi inayobana saa nyingi kwenye siku chache humpunguzia mwanafunzi idadi ya usiku.

3. Masomo ya kawaida nayo yana ugonjwa wake

Asije mtu akasoma hapo juu akadhani tunasema polepole ndiyo salama. Mwanafunzi anayekuja mara moja kwa wiki, Jumamosi, hupoteza robo ya kwanza ya kila kipindi akikumbuka gia ya rivasi iko wapi. Akikosa Jumamosi moja kwa sababu ya harusi na nyingine kwa sababu ya mvua, anarudi baada ya wiki 3 akiwa mgeni wa gari. Huyo hajengi; kila akija anafukua msingi.

Kuna pia gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Nauli ya kuja chuoni mara 20, ruhusa za kazini, na foleni inayokula nusu ya kipindi kabla gari halijafika mahali pa kufundishia. Wengi hukata tamaa katikati, wakaishia kumalizia mtaani kwa rafiki mwenye gari. Na tuseme ukweli mchungu: wako walimu wanaoyarefusha masomo makusudi, wakimwambia mwanafunzi aliye tayari kwa mtihani kwamba "bado bado kidogo". Hilo ni dhuluma, na halisafishwi na neno "usalama".

Kwa hiyo mgawanyo unaofaa anayeanza kabisa uko katikati. Vipindi vya kati ya dakika 45 na saa 1 na nusu, siku 3 hadi 5 kwa wiki, bila pengo la zaidi ya siku 4 kati ya kipindi na kipindi. Haya ni maoni yetu ya kikazi, tuliyoyapata kwenye viti vya kushoto vya magari yetu. Mtu hahitaji mwaka, lakini anahitaji wiki kadhaa.

4. Barabara isiyoingia kwenye wiki mbili

Kasoro kubwa ya kozi fupi, hata ikiwa na saa za kutosha, ni kwamba kalenda yake ni nyembamba. Anayesoma wiki 2 za Januari hajaiona masika. Hajawahi kuendesha wakati maji yamefunika shimo na matuta, kioo kimefunga ukungu kwa ndani, na bodaboda anapita kushoto akikwepa dimbwi. Anayesoma saa 2 hadi saa 4 asubuhi tu hajawahi kukutana na taa kubwa za lori usoni. Dar es Salaam giza huingia mapema, kwenye saa 1 jioni; mfanyakazi wa ofisini aliyejifunza asubuhi ataendesha gizani siku yake ya kwanza ya kurudi nyumbani na gari lake.

Barabara zetu nazo zina mitihani yake. Kwenye kipilefti unampisha anayetoka kulia, na kitabuni jambo hilo ni mstari mmoja. Kwenye kipilefti chenyewe, daladala nyuma yako anapiga honi na bajaji amekwishapenya. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, kukata kona kuvuka njia yao kunahitaji jicho ambalo madereva wengi wa zamani hawakufundishwa. Kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na mwanafunzi aliyezoea uwanja wa mpira hajui mwendo huo unavyokuwa mkubwa mtoto anapotokea nyuma ya basi lililosimama. Atakayerudi kutoka Nyanda za Juu Kusini atakutana na mteremko wa Kitonga, ambako gari hushushwa kwa gia na si kwa breki peke yake. Hilo halifundishiki Mbagala wala Mbezi, lakini linaweza kuelezwa, na mwanafunzi akafahamu kwamba bado hajalijua.

Hatudai kwamba chuo kimpitishe mwanafunzi kwenye kila hali. Tunadai kwamba asiondoke akidhani amezimaliza.

5. Wenzetu wanavyopima

Nchi nyingine zimelipitia suala hili, na majibu yao hayafanani. Ufaransa imeweka kima cha chini cha saa 20 za kuendesha kabla ya mtihani, au 13 kwa anayejifunzia gari la otomatiki. Ujerumani humtaka mwanafunzi wa gari dogo afanye safari maalumu 12 za dakika 45 kila moja: 5 za barabara za nje ya mji, 4 za barabara kuu za kasi na 3 za usiku. Ireland imeweka vipindi 12 vya lazima, na anayeanza hukaa na leseni ya kujifunzia kwa miezi 6 kabla ya kujaribiwa. Uingereza haina kima cha chini, na kozi za haraka zimejaa huko. Hata hivyo mamlaka yake ya mitihani, DVSA, huwaeleza wananchi kwamba anayefaulu kwa wastani amepata saa 45 za masomo na saa 22 za mazoezi yake binafsi.

Hatusemi tunakili. Huku kwetu magari ni machache, kipato si kile, na barabara si zile. Tunachokiona ni kwamba wenzetu wanahesabu saa, wanahesabu aina ya barabara, au wanahesabu miezi. Chuo chochote kinaweza kuyahesabu hayo kwa kalamu na daftari, bila kusubiri vifaa vipya.

6. Msimamo wetu na ushauri kwa anayechagua

Chama hakiipingi kozi ya haraka. Kinapinga kuuzwa kwa kila mtu kana kwamba watu wote wanavaa kiatu cha saizi moja. Ushauri wetu ni huu:

(a) *Kozi ya haraka inamfaa* aliyewahi kuendesha akaacha muda mrefu. Aliyefeli mtihani kwa kipengele kinachojulikana. Mtanzania aliyerudi kutoka Oman au Ulaya bara, anayejua gari lakini amezoea kukaa upande wa kulia wa barabara. Na mwenye likizo ambaye ana gari na msimamizi mwenye leseni wa kuendelea naye mazoezi kwa mujibu wa sheria. Kwa hao wote, siku chache za mfululizo hunoa kisu ambacho tayari kina makali.

(b) *Masomo ya kawaida yanamfaa* asiyewahi kukalia usukani. Mwenye woga wa barabara, awe kijana au mtu mzima. Na anayefanya kazi za zamu, kwa kuwa anayetoka kazini usiku hawezi kufundishwa saa 3 asubuhi.

(c) *Mchanganyiko unawafaa wengi.* Aanze na wiki 3 au 4 za vipindi vifupi vya karibu karibu, apumzike siku chache, kisha amalize kwa siku 3 za mfululizo zenye barabara kuu, usiku na njia ya mtihani. Hapo mfululizo unakuja mwishoni, mahali ambapo una faida.

(d) Kabla ya kulipa, uliza maswali manne na utake majibu yaandikwe kwenye risiti au mkataba: Nitaendesha mimi mwenyewe dakika ngapi kwa jumla? Tutakuwa wanafunzi wangapi garini? Je, nitaendesha usiku na kwenye barabara kuu? Nikihitaji vipindi vya nyongeza, kila kimoja ni bei gani? Chuo kisichotaka kuandika majibu hayo kimekwisha kujibu.

(e) Anayeahidiwa leseni bila darasa, au cheti bila kuhudhuria, ajue kwamba hapo hakuna kozi ya haraka wala ya kawaida. Amenunua karatasi, na gari halisomi karatasi.

7. Tunayojifunga nayo

Kuanzia sasa, kila mwanachama wa chama hiki:

(a) ataandika kwenye daftari la kila mwanafunzi dakika alizoshika usukani, na si saa alizokaa garini, na mwanafunzi atasaini mwenyewe kila kipindi;

(b) hatapakia zaidi ya wanafunzi wawili kwenye gari la mafunzo ya barabarani, na wa nyuma atapewa kazi ya kufuatilia vioo, alama na makosa ya mwenzake;

(c) hatamfundisha mwanafunzi mpya zaidi ya saa 2 za usukani kwa siku moja, hata akilipia zaidi;

(d) atampa kila mwanafunzi angalau kipindi kimoja baada ya jua kuzama na kimoja kwenye mvua ikiwa msimu unaruhusu, na msimu ukikataa atamwambia waziwazi kwamba mvua bado hajaisoma;

(e) hatamtangaza mwanafunzi kuwa "bado" bila kumwonesha kwa maandishi ni jambo gani limebaki.

Tunajua kifungu cha (b) kitatugharimu. Gari linalobeba wawili badala ya wanne hupunguza mapato ya siku, na ada itapanda kidogo. Tumekubali kuieleza ada hiyo kwa wateja kuliko kuendelea kuwauzia saa ambazo tunajua hawakuzipata.

8. Wito wetu

Kwa Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani: tunaomba daftari la dakika za usukani litazamwe kabla ya mwanafunzi kujaribiwa, na mtihani utoke uwanjani uingie barabarani.

Kwa vyuo vya umma kama VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), ambavyo vimelea madereva wengi wa nchi hii: tunaomba mtuongoze katika kupanga mtaala mmoja wa kima cha chini, ili mwanafunzi wa Temeke na wa Kibaha wapimwe kwa kipimo kimoja.

Kwa waajiri: mkimwambia kijana "njoo na leseni ndani ya wiki mbili, kazi ipo", mnamfundisha kutafuta karatasi. Mpeni miezi miwili, na mkimpokea mpeni wiki ya kuendesha na dereva mzoefu kabla ya kumkabidhi funguo.

Kwa wazazi: Shirika la Afya Duniani limeripoti kwamba ajali za barabarani huua watu takriban milioni 1.19 duniani kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Umri huo ndio wa watoto mnaowaleta kwetu wakimaliza kidato cha 6. Mkija kulipa ada, msituulize atamaliza lini. Tuulizeni ameendesha wapi.

9. Mwisho

Wahenga walisema mwanzo kokochi, mwisho nazi. Kokochi haiwi nazi kwa kuvutwa, wala haiwi nazi kwa kuachwa bila maji.

Mwanafunzi wetu akishapata leseni, iko siku atawasha gari peke yake. Atageuka kushoto kwa mazoea, kusubiri neno la mwalimu, akute kiti kitupu na hakuna breki ya pili. Siku hiyo haitamuuliza alimaliza kozi kwa wiki ngapi. Itamuuliza kama mguu wake unajua la kufanya kabla yeye hajafikiri. Kazi yetu, kwa kozi yoyote atakayoichagua, ni kuhakikisha unajua.

Imetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama,
Dar es Salaam.